Tundu la Endel

Januari, Mustamäe, pembezoni mwa Tallinn.
Nje ni nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
theluji imekauka, inalia chini ya kiatu kama chumvi ya mawe.

Jengo ni la ghorofa tano, paneli za zege tupu,
kizee cha enzi za Kisovieti, juzi kimevalishwa koti:
sentimita ishirini za pamba ya mawe,
madirisha ya vioo vitatu,
na juu ya paa mashine ya kuivua hewa chafu joto lake
kabla ya kuitupa nje.

Mchoro uliahidi nusu ya gharama.
Lakini mchoro ni uchumba.
Mita ndiyo ndoa.
Na mita, majira mawili ya baridi sasa,
haitaki kusikia habari za mchoro.

Ndiyo maana nimeitwa, mimi Triinu, mpima hewa,
na feni yangu begani,
turubai jekundu la kuziba mlango,
na kalamu ya moshi mfukoni.

"Unapima nini?" anauliza Bi Leida wa ghorofa ya tatu.
"Upepo, bibi."
"Upepo uko nje, mwanangu. Umepanda ngazi bure."

Nawasha. Paskali hamsini.
Mapazia yanajongea, mlango wa choo unagonga mara moja.
Nyumba ikibanwa pumzi haiwezi kusema uongo.

Dirishani, moshi unasimama wima.
Kwenye soketi, wima.
Bafuni, nyuma ya bomba, wima kama askari.
Mafundi walifanya kazi; wapewe haki yao.

Kisha, kando ya kabati la vyombo,
moshi unashtuka,
unanirukia usoni.

Ufa usiozibwa hujengewa ukuta.
Huu ulijengewa kabati.
Tunalisogeza, sahani zikinong'onezana,
na hapo: tundu la kidole gumba,
limesindikwa gazeti la mwaka sabini na tisa.

"Endel," anasema. Anakaa kitini.
Alilitoboa usiku, kwa keekee ya mkono,
taulo limefungwa kwenye chuma, jirani asisikie,
apitishe waya wa antena
uvue picha kutoka Helsinki, ng'ambo ya ghuba.
Matangazo ya kahawa. Mchezo wa magongo kwenye barafu.
Mwanamke akisoma utabiri wa hali ya hewa ya nchi nyingine.
"Tuliushusha mwanga wa taa," anasema,
"dunia ikaingia hapo."

Nami nimekuja na utepe wa kuuzibia.

"Linanigharimu kiasi gani?"
Napiga hesabu mbele yake, siwezi kumdanganya:
birika la chai kwa siku. Pengine halifiki.
Siyo yeye mwizi.

Mwizi mmoja yuko juu ya paa,
kichujio cheusi tii ambacho hakuna aliyekibadili tangu kifungwe.
Mwingine yupo katika kila sebule:
kipimajoto kinachosoma ishirini na nne.
Mchoro ulihesabu ishirini na moja.
Ulihesabu kuta, vioo, jua la Machi, hata miili yetu,
kila mwili wati themanini.
Haukuhesabu miaka arobaini
ya kulala na soksi mbili.

Naziba tundu. Gazeti namrudishia;
analinyoosha kwenye paja kama leso.
Feni inaongeza sauti kidogo, kisha inatulia:
namba imeshuka, kwa unywele.

"Haya," anasema, anazungusha kitufe cha joto
hadi ishirini na mbili. "Kwa ajili yako."
Ananimiminia chai. Anaweka kiganja ukutani,
pale palipokuwa na upepo,
na kukiacha hapo mpaka chai yake inapoa.

Barabarani nageuka, natazama juu.
Ghorofa ya tatu, dirisha la vioo vitatu
limefunguliwa upana wa kiganja,
na Bi Leida ananipungia mkono, shali begani,
akivuta hewa.

Navua glavu.
Naandika na hilo.